Muhali, Aibu na Unajisi: Uhakiki wa Fasili za Maneno ya Vizuizi vya Kijamii katika Kamusi na Nyaraka za Sera za Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna maneno ya kawaida yanayotaja vizuizi vya kijamii yanavyofasiliwa katika kamusi za Kiswahili na yanavyotumiwa katika lugha ya sera, sheria na kampeni za umma. Maneno yaliyochunguzwa ni muhali, haya, soni, aibu, fedheha na sitiri, pamoja na majina manne ya makosa dhidi ya watoto na wanawake: udhalilishaji, ukatili, dhuluma na unajisi. Kwa kutumia Semantiki ya Fremu, makala inaonyesha kwamba fasili za visawe huwaficha wahusika ambao maneno haya huwabeba ndani yake, hasa mtu anayedhurika. Upungufu huo haukomei katika kamusi. Hupita kwa wafasiri na kuingia katika ujumbe unaowataka watu wafanye jambo ambalo neno lenyewe limekwisha kuwaambia kwamba haliwezekani. Makala inahitimisha kwa kupendekeza fasili zinazotaja wahusika, na kwa kuzitaka nchi zinazokipokea Kiswahili katika shughuli rasmi zichague istilahi za makosa haya kwa kuangalia neno linamweka nani mbele.

Maneno Muhimu: muhali, aibu, fasili, kizuizi cha kijamii, tafsiri ya sera, Semantiki ya Fremu

1.0 Utangulizi

Zanzibar ni kawaida kusikia viongozi, wanaharakati na waandishi wa habari wakiitaka jamii "iache muhali" katika kesi za udhalilishaji wa watoto na wanawake. Msikilizaji wa Unguja au Pemba huelewa mara moja. Anaambiwa asimlinde mkosaji kwa sababu ni mjomba, jirani, mwalimu wa chuo au mtu aliyewahi kumfaa. Mfasiri wa Kigali au Kampala aliyejifunza Kiswahili shuleni, akiikuta sentensi hiyo katika ripoti na kutafuta neno hilo, kwanza atakutana na maana iliyozoeleka kutangulizwa, yaani jambo gumu au lisilowezekana. Kwa mujibu wa maana hiyo, jamii ya Zanzibar inatakiwa iache jambo lisilowezekana. Mfasiri mwangalifu atahisi kwamba kuna kitu kimempita. Mwenye haraka ataandika "iache vikwazo" au "iache woga", na hapo kiini cha ujumbe kitakuwa kimepotea.

Tatizo hili si dogo tena, kwa kuwa eneo linalokitumia Kiswahili katika shughuli rasmi linapanuka. Uganda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe shuleni. Rwanda ilikiongeza katika lugha zake rasmi kwa sheria ya mwaka 2017. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kila hatua ya namna hii huzalisha nyaraka za kutafsiriwa: sera za ulinzi wa mtoto, miongozo ya polisi, fomu za hospitali na mabango ya barabarani. Nyaraka hizo hujaa maneno ambayo kila msemaji hudhani anayajua, na kwa sababu hiyo hakuna anayeona haja ya kuyachunguza.

Makala hii inashikilia kwamba maneno ya vizuizi vya kijamii hayatoshelezwi na fasili za visawe, kwa kuwa kila moja hutaja mpangilio wa watu. Fasili isiyowataja watu hao humkosesha mtumiaji wa kamusi nusu ya maana. Katika sera, nusu hiyo huenda ndiyo inayoamua iwapo mtoto atasikilizwa au la.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Uhakiki huu unaongozwa na Semantiki ya Fremu, mkabala unaohusishwa na Charles Fillmore. Kwa mujibu wa mkabala huu, neno hueleweka kwa kurejelea tukio zima pamoja na washiriki wake. Mfano unaotajwa sana ni wa biashara: hakuna anayeelewa nunua bila ya kumjua muuzaji, bidhaa na bei, hata pale ambapo sentensi haikuvitaja. Makala inalitumia wazo hilo kwa kuliuliza kila neno maswali manne. Nani anazuiwa? Anazuiwa kutenda nini? Anazuiwa kwa ajili ya nani au mbele ya nani? Je, kuna mtu anayepata hasara kwa sababu ya zuio hilo?

Kamusi zinazohusika ni zile ambazo wafasiri wa eneo hili huzitegemea: Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981 na kurekebishwa mwaka 2004 na 2013, Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA la mwaka 2010, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ya mwaka 2015. Makala haikusudii kuzilaumu kidahizo kwa kidahizo. Kinachohakikiwa ni desturi ya leksikografia ya Kiswahili, iliyorithiwa tangu kamusi za Frederick Johnson za miaka ya 1930, ya kuifasili nomino dhahania kwa kuipanga pamoja na visawe vyake. Desturi hiyo ina faida ya ufupi. Hasara yake ni kwamba msomaji anayetoka aibu hupelekwa fedheha, na anayetoka fedheha hurudishwa aibu. Mzawa wa lugha haumizwi na mzunguko huo kwa kuwa anajua tofauti kabla ya kufungua kamusi. Msomaji wa nchi jirani huzungushwa bila ya kufika.

Mifano ya sentensi iliyotolewa ni ya matumizi ya kawaida yanayoweza kuthibitishwa na msemaji yeyote wa lahaja za pwani au wa Kiswahili Sanifu.

3.0 Muhali: Lisilowezekana na Lisilotendeka

Muhali limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya jambo lisilowezekana, na maana hiyo ingali hai:

(1) Ni muhali kuyazoa maji yaliyomwagika.
(2) Nimemwonea muhali kumdai.

Katika (1) kizuizi ni cha maumbile. Katika (2) hakuna kitu cha kimwili kinachomzuia msemaji. Anazo haki zote za kudai, na mdaiwa anajua kwamba anadaiwa. Hata hivyo, msemaji amelichukua neno la lisilowezekana akalitumia kwa lile ambalo hawezi kujileta kulitenda. Uhamisho huu wa maana ndio ulioipa muhali nguvu yake. Anayeona muhali hasemi kwamba hataki, wala hasemi kwamba anaogopa. Anaeleza hali yake kana kwamba mlango umefungwa na si yeye aliyeufunga. Kwa hiyo wito wa "acheni muhali" unamtaka mtu aache kitu ambacho, kwa mtazamo wa lugha yake mwenyewe, hakukishika kwa mkono wake.

Mpangilio wa wahusika wa (2) ni huu: mwenye kuona muhali, mwenye kuonewa muhali, jambo ambalo lingepasa kutendwa, kama vile kudai, kukataa, kukemea au kushitaki, na uhusiano ambao tendo hilo lingeuharibu. Mhusika huyu wa nne ndiye anayesahauliwa. Muhali haupo pasipo na uhusiano. Mtu hamwonei muhali mtu baki aliyemwibia sokoni. Humpigia kelele za mwizi. Humwonea muhali jirani ambaye watoto wao wanakula sahani moja, mkwe, mwajiri, mfadhili wa msikiti, au mgeni aliyekwisha kukaribishwa. Fasili inayosema kwamba muhali ni "ugumu wa kutenda jambo" imetaja jambo na kuacha watu.

Sarufi ya neno inaunga mkono uchambuzi huu. Katika maana ya pili, muhali huambatana na kitenzi ona, kama zilivyo haya, aibu, huruma na wivu, na hupendelea kauli ya kutendea: kumwonea mtu muhali. Zaidi ya hayo, hukubali kauli ya kutendana: kuoneana muhali. Kauli hii ndiyo inayosikika katika lugha ya ofisi, viongozi wanapowaambia watendaji wao "tusioneane muhali". Kutendana huko kunaonyesha kwamba muhali ni aina ya amana. Anayenionea muhali leo ananiwekea deni nitakalomlipa kesho, mtoto wangu au mimi mwenyewe nitakapokosea. Mtu asiyetaka kuingia katika mzunguko huo hasifiwi kwa uadilifu. Huambiwa kwamba ana macho makavu.

Hapa pana jambo ambalo kamusi ingeweza kulionyesha kwa mfano mmoja tu. Kitenzi onea kikisimama peke yake, bila ya nomino, maana yake ni kudhulumu: "Mtoto huyu ameonewa." Kikiongezewa muhali, maana yake hugeuka kuwa kuhifadhi: "Mjomba wake ameonewa muhali." Sentensi hizi mbili zinaweza kuwa kweli katika nyumba moja na kwa siku moja, na ya pili ikawa ndiyo sababu ya ya kwanza. Fremu ya muhali ina mhusika wa tano, yaani mtu anayedhurika kwa sababu mwingine amehifadhiwa, lakini sarufi haimpi nafasi. Hakuna kiambishi wala kihusishi kinachomtaja. Katika (2) mhusika wa tano hayupo kwa kuwa hasara ni ya msemaji mwenyewe: ameziacha fedha zake. Katika kesi za watoto, anayeona muhali na anayepata hasara ni watu wawili tofauti. Neno limebaki lilelile, na heshima ya ukarimu wa mfano wa kwanza imevishwa mfano wa pili.

Huu ndio upungufu wa kampeni inayosema "acheni muhali" na kuishia hapo. Msikilizaji wake anakumbuka mara zote ambazo muhali ulimfaa: deni lililosamehewa, kosa dogo la kijana lililomalizwa kwa maneno, ugomvi wa ukuta uliokwisha bila ya polisi. Anaona kwamba anaambiwa aache utu. Ujumbe unaomtaja mhusika wa tano una nafasi zaidi ya kusikilizwa, kwa mfano: "Ukimwonea muhali mkosaji, mtoto ndiye anayeonewa." Ujumbe huo haukutungwa nje ya lugha. Umesema tu kile ambacho kitenzi onea kilikuwa tayari kukisema.

4.0 Haya, Soni, Aibu na Fedheha

Maneno haya manne hupangwa pamoja katika fasili kana kwamba yanaweza kubadilishana nafasi. Majaribio machache yanatosha kuonyesha kwamba sivyo:

(3) Binti yule ana haya.
(4) Binti yule hana haya.
(5) Binti yule ameitia familia aibu.
(6) Binti yule amefedheheka.

Sentensi (3) ni sifa njema, na (4) ni tusi. Haya hukaa ndani ya mtu na hufanya kazi kabla ya tendo, kwani humzuia asitende. Aibu katika (5) haimo ndani ya binti. Imetiwa katika familia, nayo huja baada ya tendo au baada ya tendo kujulikana. Asili yake ya Kiarabu ni kasoro, na maana hiyo ya doa linaloonekana haijafutika. Fedheha katika (6) inahitaji hadhara. Mtu anaweza kuwa na aibu iliyositiriwa, lakini hawezi kufedheheka pasipo na watazamaji. Tofauti hizi tatu, za wakati, mahali na watazamaji, zingeweza kuingia katika fasili bila ya kuirefusha sana.

Katika Kiswahili cha bara, Kenya na nchi jirani, aibu imetanuka na kuchukua pia nafasi ya haya. "Mtoto ana aibu" huweza kumaanisha tu kwamba ni mwenye kuona soni mbele ya wageni. Kwa msemaji wa Kinyarwanda au Kirundi utanuzi huu ni wa kawaida, kwa kuwa isoni ya kwao huwa ya mwenye haya na ya aliyeaibika. Hali kadhalika ensonyi ya Kiganda. Maneno hayo yana mzizi mmoja na soni ya Kiswahili. Ingekuwa rahisi kwa mwalimu wa Kigali kuanza na soni, neno ambalo wanafunzi wake wanalo nyumbani, kisha kuwaonyesha aibu kwa upande mwingine. Badala yake soni huachwa kama neno la kishairi, na aibu hufundishwa kuwa neno la kila siku.

Matokeo yake huonekana katika sentensi inayopendwa na waandishi wa mabango: "Usione aibu kutoa taarifa." Aliyetafsiri alikusudia kusema "usiwe na haya". Msomaji wa pwani husoma jambo jingine: kwamba katika kutoa taarifa mna aibu, na aibu hiyo ni ya anayetoa taarifa, ila anaombwa asiione. Kanusho halikumwondolea doa. Limemthibitishia kwamba lipo. Aibu kama kasoro lazima iwe na mwenyewe, na swali la sera ni nani huyo mwenyewe. Bango linalosema "Aibu ni ya aliyetenda" limeamua. Bango linalosema "Usione aibu" limeliacha doa pale lilipokuwa.

5.0 Sitiri na Ficha

Mwenzi wa aibu katika matumizi ni kitenzi sitiri, pamoja na stara. Ni neno la heshima kubwa. Watu huomba Mungu awasitiri. Maiti husitiriwa kwa sanda na kaburi. Mtu mwenye makazi na chakula cha siku husema kwamba amesitirika. Ficha halina heshima hiyo. Kufasili sitiri kwa ficha, au ficha kwa sitiri, ni kuchanganya maneno mawili yenye fremu tofauti. Ficha huhitaji kitu na mtafutaji: mwizi huficha mali ili mwenyewe asiione. Sitiri huhitaji mtu dhaifu au aliye wazi, na kifuniko kinachompa hifadhi. Kwa lugha ya kawaida, hakuna anayemsitiri mwenye nguvu dhidi ya mnyonge.

Hata hivyo, hilo ndilo hasa linalotokea wazee wanapoketi kulimaliza shauri la mtoto aliyebakwa na kusema "tulisitiri jambo hili". Kilichobadilika ni yambwa. Kutoka kumsitiri mtu, kauli imehamia kulisitiri jambo, na jambo likisitiriwa anayenufaika zaidi ni yule ambaye jambo lingemdhuru, yaani mtenda. Kwa hatua hiyo ndogo ya kisarufi, tendo la kuficha limevikwa kanzu ya kusitiri. Methali zinajua mgongano huu. Ipo inayosema funika kombe mwanaharamu apite, na ipo inayosema mficha uchi hazai, na nyingine kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lugha haikuwa na rai moja kuhusu kufunika. Mtafiti anayeitafuta "mila ya Waswahili" katika methali moja ataipata anayoitaka, na mshauri wa sera anayeambiwa kwamba stara ni adui wa haki ameambiwa nusu.

Sitiri linaweza kurejeshwa mahali pake. Sheria nyingi za eneo hili huruhusu kesi za watoto zisikilizwe faraghani na majina yao yasitangazwe. Huko ni kumsitiri mtoto kwa maana kamili ya neno. Mwongozo wa polisi au wa mahakama unaosema "usiri wa taarifa" umetumia lugha ya ofisi ambayo mama wa kijijini haimhusu. Mwongozo unaosema "mtoto atasitiriwa" umemwahidi kitu anachokijua thamani yake, na umemwondolea hoja aliyekuwa akimwambia kwamba stara hupatikana nyumbani tu.

6.0 Majina ya Kosa

Vizuizi vilivyojadiliwa hufanya kazi mapema zaidi, tangu kosa linapopewa jina. Kwa mambo yanayokaribiana, Kiswahili rasmi cha Zanzibar hutumia udhalilishaji, cha Tanzania Bara ukatili wa kijinsia, na cha Kenya dhuluma za kijinsia. Wafasiri wa Jumuiya huyachukulia kama tofauti za kimaeneo tu, mithili ya anayesema kiazi mbatata na anayesema kiazi ulaya. Semantiki yake inasema vingine.

Dhuluma hutaja haki iliyovunjwa. Mpangilio wake una mdhulumu, mdhulumiwa na kitu alichostahiki. Ukatili hutaja tabia ya mtenda, na macho ya msomaji huelekezwa kwake. Udhalilishaji hutaja hadhi ya mtendwa, aliyefanywa dhalili na kushushwa. Kila jina lina faida zake. La Zanzibar lina faida ya kukusanya matendo mengi, hata yale yasiyoacha jeraha mwilini, na ndilo lililotumika ilipoanzishwa mwaka 2021 mahakama maalumu ya makosa hayo. Hasara yake ni kwamba limeliweka kosa katika uga uleule wa aibu na hadhi. Ikiwa kilichotokea ni kushushwa hadhi, familia inaweza kudhani kwamba dawa yake ni kuilinda hadhi iliyobaki, na njia iliyo karibu ya kuilinda ni kunyamaza. Jina la kosa na kizuizi cha kulifikisha mahakamani vimetoka katika uga mmoja wa maana.

Jina la nne linahitaji uhakiki mkali zaidi. Katika vyombo vya habari vya Kenya, kosa la kumwingilia mtoto huitwa kunajisi. Jina hili linalingana na istilahi ya Kiingereza inayotumiwa katika sheria za Kenya na Uganda, yenye maana ya kuchafua. Sheria ya Tanzania ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilishika njia nyingine kwa kulihesabu tendo hilo kuwa ubakaji kwa sababu ya umri wa mtoto, akiwa ameridhia au hakuridhia. Uganda inapoanza kuziandika sheria zake kwa Kiswahili, neno la kwanza litakalomjia mfasiri ni unajisi, kwa kuwa ndilo linalolingana na Kiingereza kilicho mbele yake.

Najisi katika Kiswahili si uchafu wa kawaida. Ni uchafu unaobatilisha ibada, unaohamia kwa anayeugusa na unaohitaji kutoharishwa. Mahali patakatifu panaweza kunajisiwa, na chombo vilevile. Katika sentensi "mtoto amenajisiwa", kauli ya kutendwa humfanya mtoto awe ndiye mwenye najisi. Mtenda amekwisha kuondoka katika sentensi, na uchafu wake umebaki kwa mtoto. Kutoka hapo, hatua ya kumtafutia kifuniko ni fupi: kumwozesha kwa aliyemtenda "ili asitirike". Hatua hiyo huonekana ya kikatili kwa anayeitazama kutoka nje, lakini ndani ya mantiki ya najisi na stara ina mpango wake. Ubakaji, kwa upande wake, halimwachii mtoto doa lolote la kutoharishwa. Hutaja tendo na mtenda.

7.0 Pingamizi

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba asili ya neno si maana yake. Mtangazaji wa Nairobi anaposema kunajisi hafikirii twahara, kama vile asemaye ukatili asivyofikiria kwamba katili kwa Kiarabu ni muuaji. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo sababu uhakiki huu haukuegemea etimolojia peke yake. Kigezo ni matumizi yaliyo hai. Katili limekata uhusiano na mauaji, kwani mtu anaweza kuwa katili bila ya kuua na msikilizaji asishangae. Najisi halijakata. Msemaji yuleyule anayeisikia habari ya Nairobi saa moja usiku husikia hukumu za najisi msikitini, na kunajisi mahali patakatifu kanisani. Maana zote mbili zingali katika sikio moja.

Pingamizi ya pili ni kwamba kubadili neno hakubadili hali. Mama asiyemshitaki shemeji yake hafanyi hivyo kwa sababu ya kamusi. Analala katika nyumba ya shemeji huyo, na chakula cha watoto wake kinatoka kwake. Pingamizi hii ina uzito mkubwa kuliko ya kwanza. Makala hii haidai kwamba fasili njema itamlipia kodi ya nyumba. Inadai kwamba neno muhali, likieleweka kwa ukamilifu, ndilo linaloieleza hali yake: kwamba kuna uhusiano ambao hawezi kumudu kuupoteza. Sera iliyolitafsiri neno hilo kwa "woga" au "mila potofu" itampelekea semina. Sera iliyolielewa itajiuliza atalala wapi usiku wa siku aliyotoa taarifa.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki umeonyesha kwamba maneno ya vizuizi vya kijamii hubeba wahusika ambao fasili za visawe huwaacha, na kwamba mhusika anayeachwa mara nyingi ni yule ambaye sera imekusudiwa kumlinda. Mapendekezo matatu yanafuata.

Kwanza, kamusi zinaporekebishwa, vidahizo vya uga huu vifasiliwe kwa kutaja nani anazuiwa, na nini, na kwa ajili ya nani. Kwa kidahizo muhali, fasili ya namna hii inawezekana: "1. jambo lisilowezekana. 2. hali ya mtu kushindwa kumkatalia, kumdai, kumkemea au kumshitaki mwingine, ingawa anajua kwamba inampasa, kwa sababu wana uhusiano ambao hataki uharibike: Nimemwonea muhali kumdai, agh. hutumika na kitenzi ona. Hasara yake huweza kumwangukia mtu wa tatu." Fasili hiyo ni ndefu kuliko ilivyozoeleka, lakini mfasiri wa Bujumbura ataifahamu bila ya kuvuka ziwa kwenda kuuliza.

Pili, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zisilichukue neno unajisi katika tafsiri za sheria kwa kuwa tu linalingana na Kiingereza. Ubakaji wa mtoto ni jina linaloeleweka, linalotumika tayari, na lisilomwachia mtoto najisi. Udhalilishaji libaki Zanzibar, ambako limekwisha kujengewa sheria na mahakama, lakini kila hati inayolitumia ieleze kwa uwazi ni matendo gani yanayokusudiwa na ni ya nani.

Tatu, ujumbe wa umma usijengwe juu ya makanusho ya "usione aibu" na "acheni muhali" peke yake. Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kusema kwamba aibu ni ya mtenda, kwamba anayestahiki kusitiriwa ni mtoto, na kwamba mkosaji akionewa muhali kuna mwingine anayeonewa. Kazi ya mtafiti wa lugha ni kuyaweka maneno hayo mbele ya waandishi wa sera kabla bango halijachapishwa.